Mwenyeji wa Pili

Saa saba na dakika tano mchana, fundi akiwa juu ya ngazi ghalani, simu yake ilimletea ujumbe kutoka nyumbani: Mwenyeji wa pili yuko jikoni. Alicheka, kwa sababu mwenyeji wa pili ndiye yeye.

Hakuwa mtu mbaya, ila wivu ulimzidi. Wahenga walisema wivu ni kidonda. Chake kilikuwa donda ndugu. Mkewe akivaa gauni jipya, yeye humtafuta aliyelisifia. Ndipo akatega nyumbani kamera sita zisizo na waya, ndogo kama kiberiti, akadai ni za kunasa wezi. Ili betri zisiishe, alizifundisha kulala. Mtu akipita, kamera moja huiamsha kamera jirani, nayo humtazama mtu huyo na kuamua papo hapo. Akiwa mwenyeji, huandika neno na kulala tena. Akiwa mgeni, hutuma picha. Aliingiza sura mbili tu za wenyeji: ya mkewe kwanza, yake ya pili. Chumbani hakuweka kamera, aliona haya.

Kesho yake, saa ileile, mwenyeji wa pili tena. Alianzia kwenye mlango wa chumbani, akapita sebuleni, akakaa jikoni nusu saa. Kamera ya mlango wa nje haikumwona akiingia. Siku ya tatu fundi alishuka ngazi akaacha skrubu zinaning'inia. Hakuwazia jini hata kidogo. Aliwazia mwanaume.

Alimkuta mkewe anafuta meza. Sahani mbili zilikuwa zimeshaoshwa.

"Umesahau kitu?" mkewe akauliza, kisha sauti ikashuka. "Mbona umebadilisha shati? Si umeingia chumbani sasa hivi?"

Fundi aliisikia harufu ya sabuni aliyokuwa akioga nayo zamani za uchumba, sabuni ambayo siku hizi haiuzwi popote, na nyuma ya mlango wa chumba uliofungwa kandambili zikawa zinaburuzwa taratibu, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, kama unavyochelewa wa kwake tangu aanguke kwenye ngazi, zikaja hadi mlangoni, zikasimama, na kitasa hakikuguswa.

"Anakuja kila siku?" akanong'ona.

"Wewe ndiye unakuja kila siku," mkewe akasema. "Unakula, unaniambia ya kazini, unaosha vyombo. Huniulizi nani kanipigia simu. Nikasema Mungu kanisikia, mume wangu kapona."

Hofu alikuwa nayo, lakini maneno hayo yalimuuma kuliko hofu. Alimwonea wivu yule wa chumbani.

Mganga waliyemwita alikuja kesho yake kabla ya saa saba, mama mnene mwenye haraka zake, akaomba kiti cha plastiki.

"Bwana, umeshinda ukimtafuta mwanaume humu ndani," alimwambia fundi. "Ameitika. Hakuwa na sura, akachukua yako."

"Mtoe, mama."

"Mimi simtoi. Anatolewa na huyu uliyemwonea wivu." Akamgeukia mke. "Watasimama wawili mbele yako. Usiyemtaka mtazame, mwambie atoke. Mara moja tu, mwanangu. Neno hilo halirudiwi."

Fundi akapumua. Miaka tisa ya ndoa si mchezo.

"Unanijua, mke wangu," akamnong'oneza. "Huwezi kukosea."

"Siwezi," mkewe akasema.

Saa saba na dakika tano mlango wa chumba ulifunguka, harufu ya sabuni ikatangulia, kandambili zikafuata, na fundi, aliyeapa atamkazia macho, akajikuta ameyafumba kama mtoto anayesubiri sindano, akisikia pumzi inayofanana na yake ikipanda na kushuka begani kwake, na mkewe mbele yao akilia polepole, akichukua muda mrefu mno kwa mtu ambaye hawezi kukosea.

"Toka," mkewe akasema. "Nimechoka."

Fundi alisubiri kandambili zirudi chumbani. Hazikurudi. Zilielekea jikoni.

Simu ikatetemeka mfukoni. Aliitoa, akafumbua macho. Mgeni ameonekana sebuleni. Chini ya maneno hayo palikuwa na picha, ya kwanza ya mwanaume tangu atege kamera: mwenye shati la jana lenye vumbi la ghala, mdomo wazi, simu mkononi.

Jikoni sahani mbili zilikuwa zinapangwa mezani.