Aliyengoja Sehemu ya Tatu

Hadithi hii aliisimulia kwanza Mama Ukumbi mwenyewe, mwaka mmoja baada ya kuuza viti vyake vyote, siku binti wa mdogo wake alipomuuliza kwa nini jengo zuri kama lile limegeuzwa ghala la mbao. Aliisimulia mara moja tu, bila kuirembesha, na waliokuwapo siku zile wakajazia pale alipopitia juu juu.

Ukumbi wake wa filamu ulikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, kuta nyeusi, mlango wa chuma na pazia zito nyuma ya mlango ili mwanga wa mchana usipenye. Filamu zilikuwa za kigeni, lakini watu hawakuja kwa filamu tu. Walikuja kumsikia mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku. Yeye alikaa kwenye kibanda cha mbao kando ya kitambaa cha picha, maiki mdomoni, akiwafasiri wahusika wote peke yake: mzee akawa mzee, mtoto akawa mtoto, mwanamke akilia na watu nao wakalia. Mama Ukumbi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alijua kwamba mdogo wake hana ufundi mwingine duniani ila ile sauti, na kwamba bila hiyo angekuwa mtu wa kukaa kizingitini akihesabu wapita njia.

Mwaka ule watu walikuwa wakisubiri sehemu ya tatu ya filamu ya anga za juu. Katika ya kwanza, nahodha mmoja mwanamke alipoteza sayari yake, akaambiwa kuna mlango huko nyuma ya nyota na watu wake wako upande wa pili. Katika ya pili aliufikia, akaugonga, filamu ikaishia hapo. Kwa mwaka mzima kinyozi alinyoa akibishana juu ya mlango huo, na wateja walitoka na vichwa vya kupindapinda.

Basi ya tatu ikaja. Nahodha alirudi mlangoni, akaweka kiganja, picha ikawa nyeupe yote, yakaanza kupanda majina ya walioitengeneza. Kasuku mwenyewe alidhani projekta imekufa.

Mama Ukumbi alikuwa na desturi yake. Kila onyesho likiisha alipitisha maiki safu kwa safu, kila mwenye maoni akasema, na spika ya nje ikayatangaza barabarani. Watu walitua hasira zao na wapita njia wakavutiwa na onyesho lijalo. Siku ile maiki nusura ivunjike kwa kugombewa. Fundi viatu alisema amedanganywa kama mtoto anayeahidiwa pipi ili anywe dawa. Mwalimu wa sekondari, aliyekuwa na mazoea ya kukaa karibu na feni, alisema mwisho ule una falsafa ndani yake.

"Falsafa ya mtu aliyeishiwa la kusema," fundi viatu akamjibu. "Hata mimi nikikurudishia kiatu bila soli nitakwambia ni falsafa."

Watu walicheka kidogo, kisha wakarudi kununa. Walipokwisha kutoka, Mama Ukumbi alibaki akifuta maiki kwa pindo la kanga, projekta imezimwa, ukumbi mtupu. Akasikia spika ya nje ikisema, kwa utulivu, "Mimi nimengoja kuliko wote."

Maiki ilikuwa mkononi mwake, imefunikwa. Alifikiri ni fundi viatu anafanya mzaha, akatoka nje, akakuta barabara na jua lake tu. Aliporudi ndani alikutana na harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu. Akagusa projekta. Ilikuwa imepoa.

Siku iliyofuata sauti ile ilisema tena, safari hii katikati ya watu, zamu ya fundi viatu ilipokwisha. Ilitoka safu ya mbele kabisa, ambayo haikaliwi kwa sababu inaumiza shingo. Ilisema, "Mliniambia nikae." Watu waligeuka wakamtafuta msemaji, wakaona viti vitupu, wakaamua kwamba Kasuku anawachezea kutoka kibandani, kwa kuwa sauti ilifanana na yake kama pacha. Walimpigia makofi. Kasuku alitoa kichwa nje ya kibanda, uso umemlegea, maiki yake ikining'inia kwenye waya mbali na mdomo.

Siku hizo hizo ndipo koo lake lilipoanza kukauka. Asubuhi alikwaruza, mchana akapona, jioni akakwaruza tena. Kisha mkewe, fundi cherehani ambaye hakuwa na kawaida ya kufika ukumbini, alikuja na tepu ya kupimia bado iko shingoni, akamvuta Mama Ukumbi nyuma ya mlango.

"Wifi, mdogo wako ananiita rubani," alisema kwa sauti ya chini.

"Anatania. Si unamjua."

"Kwa sauti ya mwanamke, wifi, ile anayomfanyia yule nahodha. Nimempa chai, ameniambia rubani, washa taa za mbele. Nimemwangalia usoni, naye ananiangalia kama mtu aliyefungiwa chumbani anayechungulia dirishani." Alikunja tepu na kuikunjua. "Anajua si yeye anayesema. Hilo ndilo linalonitoa usingizi."

Mama Ukumbi alimpeleka mdogo wake zahanati, wakamchungulia koo na kusema ni safi. Akampa tangawizi, akampa asali, akamnyamazisha siku nzima kwa ukali wa mama. Kasuku alinyamaza kweli, na bado spika ikasema. Yule mama, ambaye maisha yake yote alikuwa na jibu la kila mtu anayetaka kuingia bure, alijikuta ana mgeni asiyeweza kumtoa nje, na jambo hilo lilimkera hata kuliko lilivyomtisha.

Mwisho akamwita mganga, mwanamke mzee mwenye miwani mizito na maneno machache. Mganga hakuomba kitu ila kuiona filamu, zote tatu mfululizo. Alikaa safu ya nyuma na mfuko wake mapajani, akatazama tangu asubuhi hadi alasiri. Nyeupe ya mwisho ilipomulika miwani yake, alivuta pumzi kama mtu aliyelipishwa mara mbili.

"Nimeona watu wengi waliokerwa na majini," alisema. "Jini lililokerwa na filamu, hili ni la kwanza. Na halina kosa. Huu si mwisho."

Kisha akauliza ni nani aliyeliahidi mlango. Mwalimu, aliyekuwa amekuja mapema kukamata kiti chake cha feni, ndiye aliyejibu, kwa sababu alijua lugha ya filamu ile. Katika sehemu ya pili, alieleza, nahodha anasimama mbele ya mlango kwa muda mrefu bila kutamka neno. Mwanzoni kabisa mwa kazi yake, Kasuku aliwahi kuuacha ukimya kama ule katika filamu nyingine, akarushiwa kandambili. Tangu hapo hakuacha ukimya wowote; kila penye kimya alijaza maneno yake. Na pale alijaza maneno ambayo watu waliyapenda kuliko filamu yenyewe, wakatembea nayo mtaani mwaka mzima: Ewe uliye upande wa pili, hata kama huna jina, kaa nami; sehemu ya tatu nitakufungulia na utajua mwisho wako.

"Mara ngapi?" mganga akauliza.

"Kila onyesho," alisema Mama Ukumbi.

Mganga akaagiza Kasuku atimize ahadi. Onyesho lililofuata, picha ilipokuwa nyeupe, Kasuku aliendelea kusema. Alimfungulia nahodha mlango, akamkutanisha na watu wake. Kutoka safu ya mbele ikajibiwa, "Sivyo." Akajaribu vita. "Sivyo." Akawaua wote, akawafufua, akalikaribisha lile lisilo na jina liingie, likae, lipewe chakula, na kila mara "Sivyo" ilikuwa fupi zaidi na karibu zaidi na kibanda, mpaka watazamaji nao, ambao kila mmoja alikuwa na mwisho wake kichwani na hakuna hata wawili waliokubaliana, wakaanza kuitikia pamoja nayo, "Sivyo, sivyo," wakigonga viti. Halafu Kasuku akakohoa mara moja, na sauti ikaanza kusimulia yenyewe kwa kinywa chake.

Ilisimulia nini, Mama Ukumbi hakutaka kurudia. Alisema tu kwamba ulikuwa mwisho mzuri. Ulianza pale kiganja kilipogusa mlango ukasonga polepole, na watu waliokuja kutukana walikaa kimya vinywa wazi. Haukwisha siku ile. Wakarudi kesho yake, na ukumbi ukajaa hadi safu ya mbele, isipokuwa kiti kimoja ambacho kila aliyekikalia aliinuka akisema kina baridi. Maoni yakageuka. Fundi viatu alisema hapo sasa ndipo penyewe. Hata mwalimu alikiri falsafa yake aliikosea.

Mama Ukumbi ndiye pekee aliyenuna, kwa sababu yeye ndiye aliyeingia kibandani baada ya kila onyesho na kumkuta mdogo wake amekonda, midomo imepasuka, anamtazama bila kuweza kusema hata "dada". Mganga alimwambia wazi kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosea dawa. Jini lile lilikuwa limekwisha kupata kitu kitamu kuliko mwisho. Lilikuwa limepata wasikilizaji.

"Nikifukiza ubani, litapiga chafya na kuendelea. Ondoa watu. Lakini uwaondoe kabla halijamaliza, maana likimaliza halitakuwa na haja tena ya kumwacha mdogo wako hai."

Basi alasiri moja Mama Ukumbi aliingia katikati ya simulizi, akasimama mbele ya projekta kivuli chake kikiwa kikubwa kitambaani, akawaomba watu watoke. Walimzomea. Walimwambia akae, wamelipa, nahodha yuko karibu kujua. Akazima umeme. Giza likashuka, feni ikapunguza mwendo hadi ikasimama, spika zote zikafa, na sauti ikaendelea kama ilivyokuwa, bila hata kuvuta pumzi, ila sasa haikutoka kibandani wala safu ya mbele bali katikati ya viti, kana kwamba inapita goti kwa goti kati ya watu waliobanana, na ile harufu ya vumbi la balbu ikawa nzito kiasi cha kukaa ulimini, na yeye akapapasa ukuta hadi kibandani, akamshika mdogo wake usoni, akakuta midomo imefungwa kabisa, taya zimekaza, machozi yanatiririka kwenye vidole vyake, wakati huo huo sauti ya mdogo wake huyo huyo ikiwa kule nje inawaambia watu kwamba mlango umebakiza nafasi ya upana wa kidole.

Hapo hofu ilimwisha, ikabaki ghadhabu. Aliupita umati, akavuta pazia zito hadi ufito wake ukang'oka, akausukuma mlango wa chuma wazi. Mwanga wa alasiri ukaingia hadi safu ya mwisho, watu wakaziba macho.

"Mimi sijawahi kutoa maoni yangu," alisema, wala hakupaza sauti. "Filamu ni mbaya. Mwisho wake ni ule mliouona, hakuna mwingine, na mdogo wangu aliwaahidi asichokuwa nacho. Nendeni makwenu."

Walitoka mmoja mmoja, wakilalamika. Fundi viatu aliomba dakika moja tu, asikie alikuwa nani nyuma ya mlango, na Mama Ukumbi akamshika kola akamtoa. Kiti cha mwisho kilipoachwa wazi, sauti ilikatika katikati ya neno. Kisha, karibu na sikio lake, ikauliza kama mtoto asiyetaka kulala:

"Halafu?"

"Halafu hakuna," alisema.

Harufu ikapungua. Kibandani mtu akajikohoza, akaita "dada" kwa sauti chakavu, mbovu, yake mwenyewe.

Wangeridhika kama mambo yangeishia hapo. Lakini baada ya siku chache mke wa fundi viatu alikuja kumlaumu Mama Ukumbi kwamba mumewe anawasimulia watoto hadithi ya mlango, na hataki kuacha. Kinyozi naye alikuwa anaisimulia. Mwalimu aliisimulia darasani badala ya somo. Mama Ukumbi akaenda kusikiliza kwa kila mmoja, akasimama nje ya dirisha. Maneno yalikuwa yale yale, pumzi zilikuwa pale pale, na kila nyumba aliyofika, msimulizi alinyamaza kwenye upana wa kidole, akawaangalia watoto, akawaahidi kwamba kesho atawafungulia. Ndipo alipouza viti.

Mganga amekwisha kufariki. Fundi viatu pia, miaka mingi baadaye, akiwa bado anasimulia. Mwalimu yu hai na amestaafu. Mama Ukumbi yu hai, hasikii vizuri, na hasikitiki. Kasuku yu hai pamoja na mkewe. Anapima na kukata vitambaa katika duka lao, huzungumza kidogo, na mteja akinyamaza yeye naye humwacha anyamaze. Watoto waliosimuliwa wamekua, nao wana watoto. Huyo mwingine, aliyengoja, hakuna aliyesikia kwamba amekufa.