Kazi Zote au Kazi Ulizochagua

Kila alasiri, akishatoka shule na kuvua sare, Mbona alikuwa na kazi moja katika chumba cha mbele: kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na chumba hicho kilichotazama barabara ndicho kilichokuwa karakana yake. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo chenye ufa kwa chini, na pini kila mahali. Mbona alizifuata kwa sumaku iliyofungwa kwenye uzi, akitambaa sakafuni huku akiuliza maswali. Jina lake la kweli lilitumika shuleni tu, mwalimu alipoita mahudhurio. Nyumbani na mtaani alikuwa Mbona, maana neno hilo halikumkauka mdomoni.

Wiki hiyo kazi ilikuwa imemfika mama shingoni. Kwaya ya mtaa ilikuwa inakwenda kwenye mashindano siku ya Jumamosi, na nguo zote zilikuwa mikononi mwake: sketi, mashati, na koti jipya la mwalimu wa kwaya.

"Mama, mbona unaandika kitu kimoja mara mbili?" Mbona aliuliza kutoka chini ya meza.

"Wapi?"

"Hapo kwenye simu. Umeandika kwenye orodha ya kazi, 'Sketi za kwaya, kupima urefu.' Halafu umefungua kalenda, ukaandika yaleyale."

"Orodha ni yangu mwenyewe," mama alijibu. "Naandika chochote kinachonijia kichwani, nisisahau. Kalenda naitazama pamoja na wanakwaya, kila mtu kwenye simu yake, wajue nani anakuja kupimwa lini."

"Sasa mbona simu isihamishe yenyewe?"

"Iulize hiyo simu. Mimi nina kola ya kugeuza."

Hapo mama naye aliteleza kidogo. Mtoto kama Mbona humwambii aiulize simu, halafu ukaenda kununua vifungo na kuiacha simu inachaji mezani.

Mlango ulipofungwa tu, Mbona aliifungua orodha, akaingia kwenye mipangilio. Alipita lugha, akapita rangi, akapita sauti za kengele, na mwisho akayaona maneno aliyokuwa akiyatafuta: Unganisha na kalenda. Kumbe inawezekana! Kumbe simu ilikuwa na jibu muda wote, ila hakuna aliyeiuliza!

Chini yake palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilisema Kazi zote. Ya pili ilisema Kazi ulizochagua, na kando ya kila kazi palikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka alama. Mbona aliivuta orodha kwa kidole. Ilishuka, ikashuka, ikaendelea kushuka. Kuisoma yote na kuchagua moja moja? Alikwisha kusikia watu wazima wakisema mchagua jembe si mkulima. Akabonyeza Kazi zote.

Kalenda ilijaa papo hapo, mistari ya kijani juu ya mistari ya kijani. Mbona alirudi kwenye pini zake akitabasamu peke yake. Mama akirudi atashangaa.

Mama alishangaa kweli. Hakuwa hata ameweka vifungo mezani simu ilipoita. Alikuwa dada mmoja wa sauti ya kwanza.

"Fundi, sabuni unayotaka ni ya unga au ya kipande? Maana niko dukani sasa hivi."

"Sabuni gani?"

"Si umetuandikia kwenye kalenda? 'Kununua sabuni.' Na huyo Mbona, ameshakata kucha? Umeandika akumbushwe!"

Mama alicheka bila kuelewa. Mbona hakucheka. Alizificha kucha zake ndani ya ngumi, uso ukamwaka moto. Kwaya nzima sasa ilijua habari za kucha zake.

Simu haijapoa, ujumbe ukaingia. Mama aliusoma kwa sauti, na sauti yake ikawa inapungua kadiri alivyosoma. "Fundi, usihangaike tena na koti langu. Jumamosi nitamwachia msaidizi aongoze kwaya. Asante kwa yote." Ulitoka kwa mwalimu wa kwaya.

"Koti limebaki mikono tu," mama alisema. "Nimemkosea nini?"

Akafungua kalenda. Akashuka taratibu na kidole, akapita sabuni, akapita kucha, akafika mahali akaganda. Pale, mbele ya macho ya kila mwanakwaya, palikuwa pameandikwa: "Koti la mwalimu. Bega la kushoto limeshuka. Ongeza pedi. Asijue."

Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Miaka yote namshonea mzee wa watu, sijamwambia hata mwenzangu mmoja. Haya yamefikaje huku? Simu hii imeharibika. Kesho naipeleka kwa fundi simu."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa, na Mbona aliuona. Angenyamaza tu, simu ingebeba lawama. Simu haina mdomo wa kujitetea. Lakini alimtazama mama yake, aliyekuwa akilikunjua lile koti magotini na kulilaza bega lake kwa kiganja, akashindwa.

"Simu haijaharibika, mama. Ni mimi. Nilitaka usiandike mara mbili."

Akaeleza yote, njia ya kwanza na njia ya pili. Mama hakumpigia kelele. Afadhali angepiga.

"Maneno haya uliyasoma kabla hujabonyeza?"

"Hapana. Orodha ilikuwa ndefu."

"Haya, toa ulichoweka."

Mbona aliukata ule muunganisho, na mistari ya kijani ikatoweka. "Imefutika, mama."

"Kwenye simu, ndiyo. Vichwani mwa watu, maji yakimwagika hayazoleki." Mama akalikunja koti na kulitia kwenye mfuko wa kubebea nguo. "Vaa viatu."

Walimkuta mwalimu wa kwaya kwenye ukumbi wa mazoezi, akipanga viti peke yake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye akiimba ukumbi mzima hunyamaza. Jioni hiyo alikuwa amevaa fulana, na kwa mara ya kwanza Mbona aliona kweli bega moja liko chini ya jingine. Alijilazimisha kutazama sakafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni." Sauti ilikuwa kavu.

Mama alisogea kando. Mbona akaelewa kwamba zamu ni yake.

"Mwalimu, mama hakuandika yale ili watu wayasome. Aliyaandika kwenye orodha yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyeipeleka orodha yote kwenye kalenda. Sikuisoma, na sikumuuliza mtu. Nisamehe."

Mwalimu aliacha kiti alichokuwa amekishika. Alimtazama mtoto, akamtazama fundi, kisha akakaa.

"Bega hili nalijua," alisema polepole. "Nilivunjika nikiwa mdogo kuliko wewe, mfupa ukaunga vibaya. Makoti ya dukani yote hunikaa upande. Ya mama yako tu ndiyo hunikaa sawa, na nilidhani ni bahati yangu. Hakuwahi kuligusa akauliza, hakuwahi kulitazama mara mbili. Leo niliposoma, kilichoniuma si bega. Niliumia kudhani kwamba mtu niliyemwamini amenianika ili watu wacheke."

"Mbona hukumpigia simu ukamuuliza?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Mama alimkata jicho.

Lakini mwalimu alicheka, kwanza kidogo, halafu sana. "Umenipata! Wewe ulibonyeza bila kuuliza, na mimi nikanuna bila kuuliza. Tuko sare." Akanyoosha mkono. "Lete hilo koti, fundi."

Lilimkaa vizuri, mabega yamelingana, ingawa mikono ilikuwa bado haijakunjwa pindo. Mama alitoa pini na kuanza kazi palepale, pini nyingine akizishika kwa midomo.

"Sasa nieleze," mwalimu alimwambia Mbona, mkono ameunyoosha apimwe. "Hicho kitu cha kuhamisha kazi kinafanyaje? Mimi pia naandika mazoezi mara mbili, nachoka."

Macho ya Mbona yakang'aa. Alimtazama mama kwanza, naye akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa pini. Mbona akaichukua simu, akafungua mipangilio, na safari hii akabonyeza Kazi ulizochagua. Alisoma moja moja kwa sauti ya chini, akisimama kila mahali.

"Sketi za kwaya, kupima urefu. Hii ina siku yake na inawahusu watu. Iende, mama?" Kichwa kikaitikia. "Kununua sabuni. Hii ni yetu, ibaki." Kichwa kikaitikia tena. "Koti la mwalimu, kuchukua, Ijumaa. Iende." Alipofika kwenye bega, hakusoma kwa sauti wala hakuuliza. Aliacha kisanduku kitupu, akaenda kwenye kazi inayofuata.

Mama alitema pini kiganjani. "Umeona? Kuunganisha si kosa, mwanangu, na wala kudadisi si kosa. Umenipunguzia kazi kweli. Lakini orodha ni moyo wangu, na kalenda ni baraza langu. Kinachowahusu wageni, kiende barazani. Siri ya mtu ibaki ndani. Ukitaka kubonyeza kitu cha mwenzio, soma kwanza, kisha muulize mwenyewe."

"Na jembe usilichague sana," mwalimu aliongeza, Mbona alipomweleza ule msemo wa jembe uliomponza. "Ila maneno ya watu, yachague."

Jumamosi ukumbi wa mashindano ulijaa mpaka milangoni. Kwaya iliingia kwa mistari, na mwalimu akasimama mbele yao, koti limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Alipoinua mikono, minong'ono yote ilikatika. Mbona alikuwa ameketi karibu na rafiki yake wa darasani, ambaye hakuwa na habari yoyote.

"Angalia lile koti," rafiki yake alinong'ona. "Limekaaje vile? Mama yako ana siri gani?"

Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, Mbona alikuwa na jibu la swali zuri, na hakulitoa.

"Muulize fundi," alisema.

"Atanijibu?"

"Hatakujibu," Mbona alisema, akakunja mikono yenye kucha fupi, safi, akatulia kusikiliza wimbo.