Jina Lililoitikia Kiwandani

Feni ya kukaushia majani ya chai ilizunguka ingawa swichi ilikuwa imezimwa. Kipkirui, fundi wa umeme katika kiwanda kimoja karibu na Sotik, hakushtuka. Fundi akishtuka, nani atabaki? Alileta oskiloskopu, chombo kinachochora umeme kwa mstari kiooni, akagusisha kalamu ya kupimia pale volteji inapoiamuru feni iwake, akatazama kiooni. Mstari wa kijani ulipaswa kulala. Ulilala, ila mara moja moja ulitetemeka, na harufu ya nywele zilizoungua ikampitia puani.

"Funga hiyo kitu twende," mwenzake Mokaya alinong'ona. "Si ni hapa stima ya feni ilimmaliza Ongeri?"

Ongeri alikuwa fundi mwenzao. Alikufa bila mke wala mtoto, hakuna wa kurithi jina lake.

"Wacha woga, bwana. Pengine inataka tu kuitwa."

Nyumbani mkewe Janeffer alikuwa amejifungua, na jioni hiyo Kogo, mama yake Kipkirui, angeita majina ya marehemu wa ukoo mpaka mtoto apige chafya. Chafya ndiyo ishara kwamba marehemu huyo amekubali kurudi. Basi Kipkirui, mtu wa utani kupita kiasi, akainamia kioo na kuigiza sauti ya kikongwe: "Ni wewe, Kipsang? Ni wewe, Kipkorir? Ni wewe, Ongeri?"

Mstari ukaruka hadi ukingo wa kioo. Feni ikanguruma.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mokaya alitoka mbio. Kipkirui alikata umeme wote, mstari ukalala, harufu ikaisha, naye akarudi nyumbani akijicheka.

Kogo aliita majina mpaka mate yakamkauka. Mtoto hakupiga chafya.

"Hii mtoto hawezi nyonya mpaka mwenyewe akuje," alisema. "Tangu asubuhi amekataa titi. Nani tumesahau?"

"Baba Chebet, fikiria basi," Janeffer alimlilia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza. "Mtoto anaenda!"

Kipkirui alikuwa amekwisha kufikiria. Ile harufu ya nywele ilikuwa imeingia chumbani, ikapita juu ya moshi wa kuni na maziwa ya mursik, ikasimama karibu na titi la mkewe kana kwamba inangoja zamu, naye Kipkirui akauma meno asilitamke jina lile, akaomba kwa Yesu, akahesabu upya babu zake wote, huku midomo ya mwanawe ikizidi kuwa ya buluu na Janeffer akimtazama yeye tu.

"Ongeri," alisema.

Mtoto akapiga chafya. Akashika titi, akanyonya kwa pupa.

Kogo alipiga vigelegele, kisha akamgeukia mwanawe. "Huyo ni wa nyumba gani?"



Asubuhi Mokaya alimkimbilia langoni mwa kiwanda akicheka. "Habari njema, ndugu yangu! Feni imetulia kabisa. Nimepima mwenyewe, hakuna kitu ndani tena."

Kipkirui akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, akalia.