Kwamboka na Chati ya Do-Re-Mi

Kila Jumapili asubuhi, mwaka ule wa 1971, Kwamboka alichuma chai mistari miwili, akanawa miguu, akashika njia ya Kebirigo kwenda shule ya muziki ya Mwalimu Jeconia. Njiani aliimba mpaka ng'ombe wakaacha kutafuna. Kanisani, siku za Sabato, alikuwa amesifiwa hadi kichwa kikavimba.

Siku moja alikuta tangazo mlangoni pa shule. Kutakuwa na mitihani ya muziki, kuanzia daraja la kwanza, la chini kabisa, hadi la tatu. Asiyepata daraja la kwanza hataimba kwenye mashindano ya Kisii.

"Mtihani wa kuimba!" Kwamboka akasonya. "Kesho tutapimwa kupiga chafya!"

Wenzake wakaangua kicheko, isipokuwa Bonareri, msichana mwenye sauti nyembamba.

"Wewe mbu, mbona hucheki? Utafeli kabla hujafungua mdomo."

"Tutaona," Bonareri akajibu.

Siku ya mtihani waliingia mmoja mmoja. Ukutani palining'inia chati yenye noti za do, re, mi, mpaka do ya juu. Mwalimu Jeconia alimwimbia Kwamboka do, kisha akagusa so kwa fimbo. Kwamboka akatoa sauti iliyotikisa madirisha.

"Hiyo ni noti ya la, si so," mwalimu akasema. Fimbo ikarukia mi.

Kwamboka akageuka upande wa kulia, kama alivyozoea. Palikuwa na ukuta mtupu! Miaka miwili alikuwa amesimama kando ya Bonareri, akidaka kila noti mdomoni mwa mwenzake na kuipaza mpaka watu wakadhani ni yake.

"Nguvu ya sauti, kumi. Mapigo, nane. Kusoma noti, sufuri," mwalimu akaandika. "Umeanguka."

"Unanichukia tu! Kanisa zima linanisifu!"

"Basi liite lije likusomee chati. Toka."

Bonareri alikwenda Kisii. Kwamboka alibaki shambani akiirarua michai kana kwamba ndiyo iliyomfelisha. Mama yake, Nyangate, akaichukua karatasi yake ya matokeo.

"Anayekuchukia ndiye aliyekupa kumi? Karani wa chai akikataa kikapu chetu kwa sababu ya majani magumu, tunamtukana au tunachambua?"

"Tunachambua," Kwamboka akanung'unika.

"Haya. Jani lako gumu ni hiyo sufuri."

Bonareri aliporudi kutoka Kisii, Kwamboka alimwendea amfundishe noti.

"Leo mbu ana kazi?" Bonareri akamkejeli. "Sema 'tafadhali'. Sikusikia. Paza sauti, si unayo?"

Kwamboka aliimeza aibu, akasema "tafadhali" kwa sauti kubwa. Wakajifunza jioni baada ya jioni, wakigombana kila noti. Muhula uliofuata fimbo ya mwalimu iliruka kila mahali kwenye chati, na Kwamboka akaifuata bila kugeuza shingo.

"Umepita," Mwalimu Jeconia akasema bila kutabasamu. "Sikia, binti. Sifa hukuonyesha wanaokupenda. Daraja hukuonyesha ulipofika na hatua iliyobaki. Anayepanda ngazi kwa kubebwa hajui kupanda. Mtihani wa daraja la pili ni Agosti. Ukichelewa, nafunga mlango."

Kwamboka akasonya, ila safari hii kimoyomoyo.