Jina Lililovuka Ikweta

Giza lilikuwa linaingia kijijini Kalamba Mwalimu Nyamai alipotoka kukaza waya wa antena. Tangu astaafu na kufiwa na mke, starehe yake ilikuwa redio ya mawasiliano. Jioni za Machi, jua likishazama, anga ya juu hubeba sauti ikapita ikweta hadi Saiprasi. Mzee huyu alikuwa hali chakula mpaka ameongea na mgeni.

Leo hakutulia. Mtoto wa mwanawe, wa siku tatu, alikuwa analia tangu mchana. Jina angepewa kesho asubuhi. Kavindu, dadake Nyamai, alikuwa amewaonya: kabla ya siku ya jina mtoto bado ni wa mizimu, msilitaje. Mama mtoto, Mutanu, mtu wa kwaya ya kanisa, alicheka. Nyamai pia alicheka, ila kidogo, maana jina lenyewe lilikuwa la marehemu mkewe.

Akaingia kibandani mwake kando ya nyumba, akawasha redio. Mvumo... kisha sauti ya mwanamke, karibu mno.

Ilizungumza Kikamba.

Nyamai alijawa na furaha. Mkamba, huko ng'ambo! Akataja jina lake na kijiji, kama ilivyo desturi ya watu wa redio. Mwanamke hakutaja lake.

"Na huyo analia hapo nyuma ni nani?"

Babu ni babu. "Huyo ni mjukuu wangu," akasema kwa majivuno. "Ndila."

Akajiuma ulimi. Kumekwisha.

"Ndila," sauti ikanong'ona. "Nimemwandika."

Harufu ya maziwa ikajaa kibandani. Kule nyumbani, kilio kikakatika.

Mutanu akaja mbio, mtoto kifuani. "Baba, hebu muone."

Mdomo ulikuwa wazi, uso umekunjamana, ngumi zimekazwa. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

Hakuna sauti.

Kilio kilikuwa kinatoka redioni.

Mutanu akaanza kuomba. Nyamai akamwita yule mwanamke redioni, akasihi, akaomba radhi; kilio tu kikarudi. Hofu ilimshika barabara, kwani alijua njia za anga hazidumu. Ifikapo saa tatu usiku hufungika, na zikigoma kufunguka kesho yake hukaa hivyo hadi Septemba, na sauti ya mtoto ingebaki huko huko.

Hakuthubutu kuzima. Saa tatu ilipokaribia alimsogeza mtoto karibu na spika, na kilio cha redioni kikaanza kufifia, mdomo wa mtoto ungali wazi bila sauti.