Karatasi Aliyoisoma Katuku

Katuku aliishi Mraru, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta. Kila asubuhi alibeba debe kwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, na wanawake walisukumana kwa maneno. Akirudi alipika uji, akawatuma watoto shule, akaenda kupalilia mbaazi. Huo ulikuwa mwaka wa 1981, na mbaazi zilikuwa zikikauka kabla ya kuweka maua.

Mume wake, Mwanzia, alikata mkonge katika shamba la matajiri. Alitoka kazini mikono ikiwa imejaa miba, na hasira yake ilikuwa karibu.

Siku tatu kwa wiki, alasiri, Katuku alienda darasa la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma. Watu wengine walimcheka. "Mama mzima unaimba a, e, i, o, u kama mtoto mdogo?" Katuku hakujali. Alitaka kusoma barua bila kumwita mtoto wa jirani, ambaye baadaye angeitangaza kijiji kizima.

Lakini miezi hiyo moyo wake haukuwa darasani. Mtoto wake wa pili, Mulei, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amepotea.

Ilianza hivi. Mulei alipoteza mbuzi wawili malishoni. Mwanzia alimwambia, "Nenda ukawatafute! Usirudi hapa bila hao mbuzi!" Ni maneno ambayo mzazi husema akiwa na hasira, na kesho yake amesahau. Mulei alienda kuwatafuta. Mbuzi wote wawili walirudi wenyewe jioni ile ile. Mulei hakurudi.

Walimtafuta kila mahali. Waliuliza kwa chifu, waliuliza Sagalla, waliuliza hadi Mwatate. Miezi mitatu ikapita.

Siku moja jirani yao, Kilonzo, alikuja mbio. Kilonzo alibeba mizigo ya abiria stesheni ya Voi. Alikuwa mtu anayependa habari, na habari ikipita kwake hunenepa.

"Nimemwona Mulei," akasema.

Katuku aliangusha jembe. "Wapi?"

"Kwa yule mzungu, Sista Margit. Ile nyumba ya ukuta wa mabati, nyuma ya stesheni. Si unajua anaokota watoto wanaolala kwa mabehewa? Basi mimi nilichungulia. Mulei amenyolewa upara. Amesimamishwa ukutani, ameshikishwa ubao. Ubao una namba. Kumi na tano. Mzungu akampiga picha."

"Picha ya nini?"

"Unaniuliza mimi? Mbuzi wa mnadani wanapakwa namba, au sivyo? Hizo picha zinaenda Ulaya. Huko watu wanachagua."

Mwanzia alisikia yote kutoka mlangoni. "Anawapa chakula bure," alisema polepole. "Nguo bure. Shule bure. Nani anapeana vitu bure dunia hii?"

Mimi siwalaumu. Mtu akiwa na mtoto wako, nawe humjui, una haki ya kushuku.

Jumamosi walienda Voi, na Kilonzo akawafuata ingawa hakualikwa. Sista Margit aliwafungulia lango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, shingo imechomwa na jua, amevaa viatu vya raba. Alitoka Ujerumani. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limesimama peke yake.

"Ninyi ni wazazi wa Mulei? Nimefurahi sana!"

Katuku hakuipenda furaha ile. Aliona kwamba mwenye kufurahi pale alipaswa kuwa yeye.

"Mulei anaendelea vizuri," Sista akasema. "Anakwenda shule. Tena amepata mama, huko Ujerumani."

Katuku alimtazama Mwanzia. Kwa hiyo Kilonzo alikuwa amesema kweli. Watu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kumchagua.

Mulei akatokea. Mashavu yalikuwa yamejaa na shati lilikuwa jipya. Hakuwakimbilia. Alisimama nyuma ya nguzo akamwangalia baba yake.

"Baba, sijawapata," alisema.

Mwanzia hakuelewa. "Hujapata nini?"

"Mbuzi. Niliwatafuta mpaka huku Voi. Sijawapata."

Ni Katuku aliyejibu. "Walirudi wenyewe, mwanangu. Siku ile ile."

Mulei alimtazama mama, kisha baba, kama mtu anayeangalia kama anadanganywa. Hakutoka nyuma ya nguzo.

Sista Margit alileta karatasi na kidau cha wino. "Tafadhali, wekeni kidole gumba hapa. Wazazi wote wanaweka."

Mwanzia alikuwa ameshikwa na aibu. Alitaka kutoka mahali pale upesi. Alinyoosha mkono, kidole kikakaribia wino. Katuku akaudaka ule mkono.

"Ngoja. Nisome kwanza."

"Unasoma?" Sista aliuliza kwa mshangao.

"Najifunza."

Alishika karatasi kwa mikono miwili. Alisoma kwa sauti, kama darasani. "Mi-mi, mza-zi, na-m-to-a mto-to wa-ngu. Mi-she-ni i-ta-m-le-a."

Akarudia neno moja. Na-m-to-a. Namtoa.

Neno hilo Katuku alilijua vizuri. Kila Jumapili mzee wa kanisa husimama na kusema, "Ndugu zangu, tutoe." Kikapu kinapita. Ukishatoa, umetoa. Hakuna mtu anayerudi Jumatatu kwa pasta kudai sadaka yake.

"Karatasi hii haiwekwi kidole," alisema. "Mtoto wangu simtoi. Mulei, kuja twende nyumbani."

Mulei alirudi nyuma hatua mbili, akasimama karibu na Sista. Jambo hilo lilimuumiza Katuku kuliko ile karatasi.

Sista Margit pia hakuwa na furaha tena. Aliwatazama kwa jicho la kupima. "Chukueni karatasi mkasome," alisema. "Lakini mrudi. Wengine hawarudi."

Nje ya lango Kilonzo alikuwa akingoja. "Si niliwaambia?" alisema.

Jumatatu, baada ya darasa, Katuku alibaki nyuma. Mwalimu wake aliitwa Tryphena, mwanamke kutoka Wusi, mkali kuhusu herufi na mkali zaidi kuhusu uvivu. Katuku alimweleza kila kitu na kumpa karatasi. Mwalimu aliisoma mara mbili.

"Umefanya vizuri kutoweka kidole," alisema. "Kidole chako ni sawa na sahihi yako. Usikiweke mahali ambapo hujaelewa, hata kama aliyekuletea ni pasta, au chifu, au mimi. Lakini mama Mulei, kuna kitu hukufanya."

"Kitu gani, mwalimu?"

"Ulishuku ukaondoka. Hukuuliza."

"Niulize nini, na mwenyewe ameshasema mtoto ana mama mwingine?"

"Uliza hilo hilo. Huyo mama ni nani, na atamfanya nini mtoto? Ile namba ni ya nini? Mulei akae hapo mpaka lini? Wewe unaweza kumwona siku gani? Na mtu akitaka kumhamisha, nani atakubali?"

"Mimi nashuku huyo mzungu, mwalimu."

"Hata mimi. Sitamwamini tu kwa sababu ni mzungu, wala sitamkataa tu kwa sababu ni mzungu. Sikiza. Hakuna anayeweza kumfanya mtoto wa mwenzake kuwa wake kwa karatasi ya kidole. Hilo ni jambo la mahakama. Tena nyumba ya kulea watoto inapaswa kujulikana na afisa wa watoto, kule Wundanyi. Nitamwandikia barua aje asikilize."

"Sista akikasirika?"

"Akikasirika kwa sababu ameulizwa, tutajua kitu. Tutamchukua Mulei siku hiyo hiyo, hata akilia."

Jumamosi mbili baadaye walikaa wote barazani kwa Sista Margit: Katuku, Mwanzia, mwalimu Tryphena, na afisa wa watoto, Bwana Ndambuki, aliyekuja na faili kwapani. Hakuna aliyegusa chai.

Katuku aliuliza. Mwanzoni alitazama chini. Kufikia swali la pili alikuwa anamtazama Sista machoni.

"Yule mama wa Ujerumani ni mwalimu mzee," Sista alijibu. "Amestaafu. Anamtumia Mulei sare na vitabu. Hatamchukua. Hata Kenya hajawahi kufika. Namba ni ya faili. Picha moja inakaa katika faili, moja naipeleka kwake, ajue ni mtoto gani anayemsaidia."

"Sasa kwa nini unamwita mama?"

"Kwetu tunasema hivyo."

"Hapa mama ni mimi," Katuku alisema.

"Sema mfadhili," mwalimu Tryphena akaongeza. "Kila mtu ataelewa."

Sista aliandika neno hilo katika daftari lake. Bwana Ndambuki alifungua faili la Mulei, akatazama namba, akatazama picha, akatikisa kichwa kukubali. Yalilingana na maneno ya Sista.

"Na neno hili?" Katuku aliweka kidole juu ya karatasi. "Namtoa."

"Ndiyo. Kutoa." Sista alifunua kurasa za nyuma za daftari, zile za kujifunzia. "Natoa maji kisimani. Natoa kiti nje. Mimi niliandika: Namtoa mtoto wangu barabarani. Yaani, asilale tena kule. Karatasi ilipochapwa, mstari haukutosha, wakakata neno la mwisho. Niliona bado inaeleweka."

"Inaeleweka sana," Mwanzia alisema kwa uchungu.

Katuku akamweleza habari ya kikapu cha kanisani. Alieleza taratibu, neno kwa neno. Sista Margit alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Alikalia ngazi ya baraza kama mtu aliyechoka ghafula.

"Watoto kumi na wanne," alisema. "Wazazi wao waliweka kidole. Hakuna hata mmoja aliyerudi kumwona mtoto wake. Hata siku moja. Nilidhani hawawapendi. Niliandika hivyo katika barua kwetu. Niliandika, watu hawa hawajali watoto wao."

"Walidhani wamekwisha kutoa," mwalimu Tryphena alisema. "Waliona haya kurudi."

Kumbe wakati ule wote, wakati watu wa Voi wakimshuku Sista kwamba anauza watoto, Sista naye alikuwa akiwashuku wazazi kwamba wamewatupa. Na watoto ndio waliokaa katikati, kila Jumamosi wakitazama lango. Nikifikiria hilo, hadi leo ninakasirika.

Siku hiyo hiyo waliandika karatasi mpya. Katuku alisema maneno, mwalimu akayaandika, Sista akayasoma kwa sauti ili isije tena ikawa na neno la kisimani. Ilisema hivi: "Mtoto huyu ni wangu. Ninamwacha hapa kwa muda, mpaka shule zifungwe. Nitakuja kumwona kila Jumamosi. Hatahamishwa bila mimi kukubali." Bwana Ndambuki alichukua nakala moja. Katuku alibaki na nyingine. Hakuweka kidole. Aliandika jina lake, herufi sita, moja kubwa kuliko nyingine.

Kwa nini Mulei hakurudi nyumbani siku ile? Aliulizwa. Mwanzia alimfuata nyuma ya nguzo, akachuchumaa mbele yake.

"Nilisema kwa hasira," alimwambia. "Mbuzi si kitu. Nilikukosea, mwanangu. Naomba urudi."

Mulei alifikiri. "Hutanipiga?"

"Sitakupiga."

"Kuja Jumamosi kwanza," Mulei alisema.

Mwanzia akaja Jumamosi. Akaja na iliyofuata pia, kwa miguu kutoka Mraru, bado ana vumbi la mkonge mwilini. Jumamosi ya tatu Mulei alimsindikiza hadi langoni. Ya nne alimsindikiza hadi barabarani.

Siku za kazi, Katuku na mwalimu Tryphena walitafuta wale wazazi wengine. Walikwenda Sagalla, Mwatate, na vijiji vya karibu na reli. Baadhi waliwafukuza. "Mmetumwa na mzungu," walisema. Katuku hakubishana. Alitoa karatasi mpya akaisoma, akaondoka. Kilonzo aliendelea kusema kwamba Sista ni mtu wa kuchungwa, na mimi sisemi alikosea kabisa. Tofauti ni kwamba sasa walimchunga wakiwa ndani ya lango, kila Jumamosi.

Mwezi wa kumi na moja shule zilifungwa. Mulei alifunga nguo zake asubuhi na mapema, akakaa juu ya furushi akiwangoja wazazi wake. Walipofika alimpa baba yake furushi lile alibebe. Mwanzia alilipokea kwa mikono miwili.

Walipotoka, Katuku alimwona mwanamke amesimama upande wa pili wa njia, amejifunika kanga mpaka mdomoni. Alikuwa Loise, wa Sagalla, mama wa mtoto aitwaye Elijah. Alikuwa mmoja wa wale waliowafukuza.

"Mbona huingii?" Katuku alimuuliza.

"Niingie kama nani?" Loise alisema. "Mimi nilimtoa. Kwa kidole hiki hiki. Ni miaka miwili."

Katuku alirudi ndani, akaomba karatasi mpya ya Elijah, kwani Sista alikuwa ameandaa moja kwa kila mtoto, akatoka nayo. Alisimama pale njiani na kusoma. Hakukata maneno vipande tena. "Mtoto huyu, Elijah, ni wa mama yake, Loise Wakio, wa Sagalla."

Loise alishusha kanga kutoka mdomoni. "Soma tena hapo penye jina langu."

Katuku akasoma tena. Loise alivuka njia, akalisukuma lango, akaingia akimwita mwanawe kwa sauti kubwa.