Mkono Uliofunga Injini

Sampo, bakuli la oili chini ya injini, ilipofunguliwa, oili ilitoka nyeusi, nzito, na ndani yake vikaanza kutoka vipande vya plastiki. Kimoja, kingine, halafu vikamwagika kwa pamoja kwenye beseni. Mkaguzi wa magari akaokota kimoja, akakifuta kwa kitambaa, akatikisa kichwa.

"Reli za cheni," akasema. "Zimekatikakatika zote isipokuwa mbili."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kwenye ua wa kituo cha polisi. Lililoinuliwa juu ya jeki lilikuwa gari la kifahari la zamani, mali ya Daktari mmoja mstaafu aliyelipenda kuliko nyumba yake. Sasa pua ilikuwa imebonyea na kiti cha dereva kimefunikwa turubai. Mapema wiki ile, likiteremka mlima, injini ilikata ghafla. Breki zikawa ngumu, usukani ukawa mzito, na dereva wa Daktari, mtu mwenye mke na watoto, akaishia ukutani. Hakufika hospitali akiwa hai.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alisema mpelelezi, mtu wa sauti ndogo ambaye kila mtu alimwita Afande.

"Humu ndani kuna cheni ndefu, inapita juu ya reli za plastiki ili isichezecheze. Plastiki ikizeeka inakuwa kama biskuti. Ikivunjika, cheni inalegea, inaruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na injini imekwisha. Daktari alilipeleka gari gereji hasa wabadilishe hizo reli. Lakini hizi ni kuukuu, Afande. Mpya haziwi hivi kwa wiki mbili."

Afande akamgeukia mtu aliyefungwa pingu. Huyo ndiye fundi aliyepewa kazi. Walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kukimbizana na kazi hata mteja alie machozi.

"Injini hii nani aliifunga?"

Taratibu alitazama viatu vyake. "Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi reli mpya umeziuza wapi?"

Taratibu akarudisha macho kwenye viatu.

Nyuma ya uzio wa waya alisimama mke wake, mshona nguo, na kando yake baba mzazi wa huyo mke, Mzee Spana, mwenye gereji. Mshonaji hakuweza kujizuia.

"Mume wangu si mwizi! Taratibu, sema basi! Umemeza ulimi?"

Afande alimsogelea polepole, bila hasira. "Mama, Jumatatu anapandishwa kortini. Kuiba vipuri na kusababisha kifo. Ukiwa na neno, niletee kabla ya hapo. Neno, si machozi."

Jamani, machozi atayazuiaje? Lakini alijifuta, akainama kwenye waya, akaangalia vyuma vilivyotandazwa chini. Kava la mbele la injini lilikuwa limelazwa karibu yake. Pembeni kote lilizungukwa na gundi ya silikoni iliyokauka, mahali pengine nene kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki, mahali pengine hamna kitu. Mshonaji amekaa nyuma ya cherehani miaka mingi, anajua mkono wa mtu unavyojionyesha kwenye mshono. Na huyu mume aliishi naye: mtu ambaye akipaka siagi kwenye mkate anafika mpaka ukingoni, hapiti, hapungui.

"Baba," akanong'ona, "hii si kazi ya Taratibu."

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema Mzee Spana. "Jua kali."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwanza duka la vipuri, kwa sababu kichwani mwake alikuwa na mtu wa kumshuku: muuzaji. Labda aliwauzia bandia! Aliingia kwa kishindo, wateja wakampisha.

"Reli ulizomuuzia mume wangu zilikuwa feki. Mtu amekufa."

Muuzaji, mtu mnene asiyependa kelele, hakubishana. Alishusha boksi rafuni, akatoa reli moja. Ilikuwa ya kahawia hafifu, laini, bila mkwaruzo. "Shika. Kunja. Umeona inavyopinda? Hata ingekuwa feki, shemeji, ingevunjika ikiwa na sura ya upya. Hizo zilizotoka kwenye sampo umeziona?"

Alikuwa ameziona. Zilikuwa za kahawia iliyokolea, na katikati zina mfereji uliochimbwa na cheni kwa miaka. Alitoka na aibu yake, akasahau hata kuaga.

Wa pili alikuwa Bwana Waya, fundi umeme wa gereji. Huyo alikuwa na historia: betri iliwahi kutoweka, ikaonekana kwa binamu yake. Mshonaji alimkuta gereji, kachuchumaa anakula muhogo wa kuchemsha juu ya gazeti.

"Reli mpya umezipeleka kwa binamu?"

"Astaghafiru! Betri moja tu, mpaka nakufa nitasemwa?" Bwana Waya alisimama, muhogo mkononi. "Mimi injini ile sikuigusa. Nilikuja asubuhi kufunga nyaya, nikakuta imeshafungwa, kava limewekwa, kila kitu. Nikadhani mumeo aliimaliza ndipo akaja kuuguza."

"Asubuhi ipi?"

"Si ile Jumapili mtoto wenu alipolazwa? Nilikuja mapema nikaambiwa mnauguza."

Mshonaji aliketi juu ya tairi.

Jumamosi jioni, kuamkia Jumapili hiyo, ndiye yeye mwenyewe aliyempigia mumewe simu: mtoto anatetemeka kwa homa, njoo. Taratibu alikuja na mikono ya oili, na usiku kucha alikaa kwenye benchi la wodi, kichwa cha mtoto mapajani mwake. Hakutoka mpaka Jumapili mchana. Mke mwenyewe alikuwa pale pale, bega kwa bega. Kwa hiyo injini aliifunga nani? Na Taratibu anadanganya kwa ajili ya nani?

"Funguo za gereji wanazo wangapi?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Wawili," alisema Bwana Waya. "Mumeo na Mzee."

Hakutaka kuwaza zaidi ya hapo. Aliwaza kitu kingine, chochote. Akazisaka reli mpya kwa macho: chini ya meza, kwenye makopo, nyuma ya mapipa. Ndipo akakumbuka desturi ya gereji ile, aliyoianzisha baba yake kabla yeye hajaolewa. Kipuri kuukuu hakitupwi. Kinaoshwa kwa petroli, kinafutwa, kinawekwa ndani ya boksi la kipuri kipya, na mteja anapewa aende nacho nyumbani, ajionee kwa macho yake kilichotolewa. Wateja waliipenda sana. Ndiyo iliyoijengea gereji jina.

Jumamosi aligonga kwa Daktari. Mzee yule alimfungulia mwenyewe, shati halijapigwa pasi, macho mekundu.

"Dereva wangu alikaa nami tangu mke wangu yu hai," alisema. "Sina la kuzungumza na familia yenu."

"Shikamoo. Sikuja kuomba msamaha kwa niaba ya mtu. Yale maboksi uliyopewa na gereji, bado unayo?"

"Takataka zile? Ziko stoo. Sijayafungua."

"Tuyafungue pamoja, nakuomba."

Wakayafungua kwenye meza ya chakula. Daktari alivaa miwani, akainua reli moja, akaipindisha. Ikapinda. Nyingine, vilevile. Zote za kahawia hafifu, laini, hazijawahi kuguswa na cheni.

"Lakini hizi ni mpya," alisema Daktari polepole.

"Ni mpya."

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba."

"Hakuna." Mshonaji alishika ukingo wa meza. "Zilichanganywa. Taratibu aliziosha za zamani, akazianika mezani kando ya mpya, akapigiwa simu akakimbia. Mtu mwingine akaja kumalizia. Akafunga kuukuu, akaweka mpya kwenye boksi."

"Fundi gani asiyejua kipya na kikuukuu? Mfereji ule hata kipofu angeushika!"

Mshonaji aliomba tu asiyatupe maboksi, akaondoka kana kwamba kuna mtu anamfukuza.

Jioni ile alimpelekea baba yake chai, kama kila siku. Aliimimina ikiwa imetoka jikoni inachemka, kwenye glasi nyembamba isiyo na mkono. Yeye mwenyewe aliibeba kwa kitambaa. Mzee Spana alipapasa meza, akaikuta, akaikumbatia kwa viganja vyote viwili, akatulia nayo.

"Baba, ina moto."

"Eeh?" Akaiweka chini haraka, lakini alikuwa amechelewa. Kwenye kidole gumba kulikuwa na lengelenge la zamani, limepasuka, hajalifunga wala hajui kama lipo.

"Tangu lini vidole vyako havisikii?"

"Sukari hii, mwanangu. Ganzi kidogo tu."

"Na macho?"

"Macho ni ya uzee."

"Baba. Usiku ule mtoto alipolazwa ulikwenda gereji."

Nje, jirani alikuwa akimkaripia mbuzi. Mshonaji alitamani baba akane, apige meza, amwite mtovu wa adabu, amfukuze nyumbani kwake. Lolote lingekuwa afadhali.

"Daktari nilimwahidi miaka mingi," alisema Mzee Spana hatimaye. "Nilimwambia, siku reli zikichoka, nitazibadilisha kwa mkono wangu huu. Kisha mkwe wangu akaipokea kazi, mimi nimewekwa kwenye kiti niwasalimie wateja. Niliposikia mtoto kalazwa, nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Niliingia na taa ya mkononi. Nilizikuta zimepangwa mafungu mawili, zote safi. Nikapapasa. Nikadhani najua."

"Na Taratibu aliporudi?"

"Nilimwambia nimekumalizia. Alilizunguka gari, akaniangalia. Akasema ahsante, baba."

"Hakuifungua akakague!"

"Angeifunguaje, mwanangu? Kazi ya mkwe wake, mkwe mwenyewe nimesimama pale?"

Na kweli, angeifunguaje? Mshonaji alimjua mumewe. Mtu asiyekaa kiti kimoja na baba mkwe, asiyetafuna mbele yake, angechukua spana na kufumua kazi ya mzee huku mzee anamtazama? Heshima ile ndiyo iliyomfanya ampende. Aliichukia sasa, na hakuwa na pa kuipeleka chuki yake.

"Ulipoona vile vipande ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukamwacha!"

"Alisema 'mimi' kabla sijafungua mdomo. Nikasema kesho nitakwenda. Kesho ikafika, nikaogopa." Machozi yalimtiririka Mzee na hakuyafuta. "Sikuogopa jela. Niliogopa watu kujua kwamba mikono hii haina kitu tena. Nimeua mtu kwa kuogopa hilo."

Mshonaji alilia kwa sauti, bila kujali jirani. Alimwonea huruma na kumkasirikia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kila alichokifanya tangu Ijumaa kilikuwa sahihi. Angekaa kimya, angempoteza mume. Amesema, anampoteza baba. Nani aliyemtuma kuwa na macho?

Jumapili walikwenda kituoni pamoja, naye Daktari akaja na maboksi yake. Afande aliwasikiliza mpaka mwisho, akikuna kidevu.

"Mama, hadithi yako nzuri," alisema. "Lakini nimeshaona baba wengi wakibeba kesi za vijana wao. Mzee, wewe ni fundi mkuu. Mji mzima unajua. Nikiandika kwamba hukutambua kipya na kikuukuu, nitachekwa. Mkweo mwenyewe amekiri. Nimwamini nani?"

"Mimi," alisema Mzee Spana. "Ndiye mimi."

Afande alifikiri. Kisha akatoa kwenye mfuko wa ushahidi reli mbili kuukuu zilizosalia, zimeshafutwa oili. Akachukua mbili mpya kwenye boksi la Daktari. Akazichanganya juu ya dawati.

"Nitengee. Mpya kulia, kuukuu kushoto."

Mshonaji alisogea ukutani. Akose, aliomba moyoni. Mungu wangu, akose. Akipatia, Taratibu haonekani tena nyumbani. Alijisikia vibaya kuomba dua ya namna hiyo, akaendelea kuiomba.

Mzee Spana alikunja mikono ya shati. Alikaa wima, na kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ukawa wa mtu aliye kazini. Alichukua reli ya kwanza, akaipitisha kati ya vidole, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Hakufanya mchezo. Binti yake aliona kwamba alikuwa akijitahidi kwa nguvu zake zote kupatia, kwamba alikuwa amesahau kabisa walikuja kwa ajili ya nini.

Kulia, akaweka. Ya pili, kushoto. Ya tatu aliishika muda mrefu, akaweka kulia. Ya nne, kushoto.

"Una uhakika, Mzee?"

"Afande, kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa."

Upande wa kulia, kando ya reli moja nzuri, ililala nyingine imepasuka ncha, na mfereji wa cheni ndani yake ungemeza penseli. Daktari alivua miwani, akageukia dirisha. Afande alivuta kalamu, akaanza kuandika, na hakuinua macho tena.

"Mwanangu," Mzee Spana aliuliza, akigeuza uso kumtafuta binti yake alipo. "Nimepatia?"

Koridoni funguo zililia, na mlinzi akaitwa amlete Taratibu.

"Umekosa, baba," alisema binti yake.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaivuta mikono yake kutoka mezani, akaificha mapajani.